Seli yenye kiini ilitoka wapi? Jibu kwa msomaji wa Tororo

Msomaji mmoja anayefanya kazi katika maabara ya kituo cha afya wilayani Tororo ameniandikia hivi:

"Shikamoo Daktari. Kila siku naangalia damu na makohozi kwenye hadubini. Bakteria nawaona kama vijiti vitupu, hawana kiini. Kimelea cha malaria ni kidogo sana lakini kina kiini chake, na seli nyeupe za mgonjwa zina kiini kikubwa kabisa. Chuoni tuliambiwa kwamba viumbe vyote vilitokana na vijiumbe sahili vya seli moja, somo likaishia hapo. Je, kijiumbe sahili kiligeukaje hadi kikawa seli yenye kiini na viungo vya ndani? Na kama bakteria wamekuwapo miaka yote hiyo, mbona leo hatuoni bakteria akigeuka?"

Marahaba, ndugu yangu. Swali lako la pili ndilo linalowasumbua watu wengi zaidi, lakini halijibiki kabla ya lile la kwanza, kwa hiyo nivumilie tuanzie mwanzo.

Jibu lenyewe ni hili. Seli yenye kiini haikutokana na bakteria mmoja aliyekua polepole, leo akapata kiini, kesho akapata mitokondria, kiungo kinachozalisha nishati ya seli. Ilitokana na muungano. Viumbe wa koo mbili zilizokwisha kuachana zamani sana walianza kuishi bega kwa bega, mmoja akaingia ndani ya mwenzake, na baada ya vizazi visivyo na idadi wakawa kiumbe kimoja kisichotenganishika. Hayo yalitokea karibu miaka bilioni mbili iliyopita. Wewe, mimi, mgomba, uyoga, hamira ya mandazi na kimelea cha malaria unachokitafuta kwenye slaidi, sote ni uzao wa muungano huo mmoja.

Kwanza tuwatendee haki bakteria. Kuwaita sahili ni sawa kwa umbo tu. Bakteria wa kawaida wa tumboni ana urefu wa kama maikromita mbili (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati chembe nyekundu ya damu inakaribia maikromita nane kwa upana. Ndani ya mwili huo mdogo DNA yake imekaa bila chumba, protini zinatengenezwa palepale inaposomwa, na nishati anaizalisha kwenye utando wa seli yake. Lakini kwa kemia bakteria wametuzidi mbali. Wapo wanaoishi kwa chuma, kwa salfa, kwa hidrojeni, kwa mwanga. Ukiwapanga viumbe wote wenye kiini na kuuliza wanajua njia ngapi za kupata nishati, utaona tumerithi chache tu, na hizo chache tumezipata kwao.

Sasa, kwa muda mrefu wanabiolojia waligawa viumbe makundi mawili: wenye kiini na wasio na kiini. Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox, wakifanya kazi Marekani, walilinganisha RNA ya ribosomu, yaani mashine ndogo zinazotengeneza protini, za vijiumbe mbalimbali wakakuta jambo ambalo hadubini haiwezi kulionyesha. Wale wasio na kiini wenyewe ni koo mbili, na umbali kati yao ni mkubwa mno. Ukoo mmoja ni bakteria unaowajua. Wa pili tunawaita arkea. Wengi wa arkea waliojulikana kwanza walitoka mahali pagumu, kama chemchemi za maji ya moto, maziwa ya chumvi, matope yasiyo na hewa na matumbo ya wanyama wanaocheua. Arkea hasababishi ugonjwa wowote unaopimwa kwenye kituo chako, ndiyo maana chuoni huenda hukumsikia kabisa. Hata hivyo, ukitazama jinsi seli zako zinavyonakili DNA na kutengeneza protini, mashine zake zinafanana na za arkea kuliko za bakteria.

Hapo ndipo tuhuma zilipoanza kwamba mwenyeji katika muungano ule, yaani yule aliyempokea mwenzake ndani yake, alikuwa arkea. Lakini arkea gani? Jibu lilitoka chini ya bahari. Mwaka 2015 kundi la watafiti lililoongozwa na Thijs Ettema wa Uppsala, Uswidi, lilitangaza kwamba katika matope yaliyochotwa kwenye kina cha zaidi ya mita 3,000, baharini kati ya Norwe na Greenland, limesoma DNA ya arkea wa ajabu. Mahali hapo ni karibu na chemchemi ya moto ya chini ya bahari iitwayo Loki's Castle, kwa hiyo wakawaita Lokiarkea. Baadaye ndugu zao wengi walipatikana, na kundi zima likaitwa arkea wa Asgard. Katika DNA yao mlikuwa na jeni ambazo sote tulikuwa tukidhani ni mali ya viumbe wenye kiini peke yao, kama jeni za protini zinazojenga kiunzi cha ndani ya seli na zile zinazokata na kukunja utando.

Wakati huo hakuna aliyekuwa amemwona kiumbe mwenyewe. Kulikuwa na DNA tu, na wapo waliosema huenda sampuli zimechanganyika. Kumbe Wajapani walikuwa wameshaanza kazi siku nyingi. Mwaka 2006 walichukua matope kutoka kina cha mita 2,533 karibu na pwani ya Japani, wakayalisha methani kwenye chombo maalumu kwa miaka zaidi ya mitano, kisha wakaendelea kuyahamisha kutoka chupa hadi chupa wakitafuta kitakachokua. Kazi yote ilichukua miaka 12. Nakuomba uifikirie kama mtu wa maabara: bakteria wa tumboni anagawanyika kila baada ya dakika 20 hali ikiwa nzuri, huyu arkea wao alihitaji siku 14 hadi 25 kugawanyika mara moja. Hiroyuki Imachi na wenzake walipochapisha matokeo mwaka 2020, walikuwa na picha. Kiumbe ni kiduara kidogo, hakifiki hata maikromita moja, hakina kiini wala viungo vya ndani. Ila kimetoa mikono mirefu membamba yenye matawi, inayosambaa pande zote.

Na hakikubali kuishi peke yake. Kinakula asidi amino, kinatoa hidrojeni, na hidrojeni ikijaa kinashindwa kuendelea kula. Kwa hiyo lazima pembeni yake awepo mwenzake wa kuifyonza hiyo hidrojeni. Mimi nilipoisoma taarifa ile niliona kwamba kipande kilichokuwa kinakosekana kwa miaka mingi kimepatikana: mwenyeji mwenye tabia ya kutegemea jirani, na mwenye mikono ya kumkumbatia. Miaka miwili mitatu baadaye kundi la Vienna, Austria, liliotesha ndugu yake mwingine na kuonyesha ndani ya mikono hiyo nyuzi za aktini, protini ileile inayokaza misuli yako.

Tumhamie mgeni sasa. Mitokondria unaijua kama kiungo cha nishati. Ushahidi kwamba zamani ilikuwa bakteria huru ni mwingi kiasi kwamba leo hakuna mjadala wa maana juu yake. Ina utando wa tabaka mbili. Haitengenezwi upya na seli. Inatokana na mitokondria nyingine kwa kugawanyika kama bakteria anavyogawanyika. Ina DNA yake, na kwa binadamu DNA hiyo ni duara lenye herufi 16,569 na jeni 37 tu. Ina ribosomu zake, zenye asili ya kibakteria. Hili la mwisho lina matokeo hospitalini. Dawa ya kloramfenikoli inawazuia bakteria kukua kwa kuziba ribosomu zao, na kwa sababu ribosomu za mitokondria ni za asili hiyohiyo, dawa inazigusa pia, jambo linaloeleza kwa nini ikitumika kwa dozi kubwa huzuia uboho wa mifupa kutengeneza damu. Jeni za ribosomu zilipolinganishwa kuanzia miaka ya 1970, mitokondria ilikaa katikati ya kundi la bakteria liitwalo alfaproteobakteria, kundi ambalo pia lina Rickettsia, wale wa homa ya tifasi inayoletwa na chawa.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko ushahidi. Mrusi Konstantin Mereschkowski aliandika mwaka 1905 kwamba kloroplasti za mimea, vile viungo vya kijani vinavyotengeneza chakula kwa mwanga, ni vijiumbe vilivyoingia. Mwaka 1967 Lynn Margulis, wakati huo akitumia jina la Lynn Sagan, alilifufua na kulitetea kwa nguvu, baada ya makala yake kukataliwa na majarida kadhaa. Hakupatia kila kitu. Aliamini hata mikia ya kuogelea ya seli ilitokana na bakteria, na hilo halikuthibitika. Kwa mitokondria na kloroplasti alikuwa sahihi kabisa.

Swali linalonivutia mimi zaidi ni kwa nini wawili hawa walikaribiana. Vitabu vingi vya shule vinasimulia kwamba seli kubwa ilimmeza bakteria ili imle, ikashindwa kumsaga. Kuna tatizo hapo. Kumeza ni kazi inayohitaji kiunzi cha ndani kilichokomaa na nishati nyingi, na vijiumbe wasio na kiini tunaowajua karibu wote hawawezi. Mwaka 1998 William Martin na Miklós Müller walitoa pendekezo jingine: bakteria alikuwa akitoa hidrojeni kama taka, na arkea alikuwa akiihitaji kama chakula. Walikaa karibu kwa sababu ya kulishana. Ugunduzi wa Japani umegeuza mwelekeo wa hidrojeni, maana arkea wa Asgard ndiye anayeonekana kuitoa, lakini kiini cha wazo kimebaki: walikutana mezani, hakuna aliyekuwa mawindo.

Ukitaka kuona jambo hilo kwa macho yako, nenda machinjioni asubuhi na chupa ya kuhifadhi joto. Omba maji ya tumbo la kwanza la ng'ombe, wa Ankole au wa aina yoyote, yachuje kwa kitambaa, yaweke kwenye slaidi kabla hayajapoa na utumie lenzi ndogo ya mara 10. Utaona vijiumbe vikubwa vyenye vinyweleo vinavyozunguka kwa kasi, mamia ya maelfu katika mililita moja. Hao ni siliati, viumbe wenye kiini. Mle tumboni hamna oksijeni ya kutosha, kwa hiyo mitokondria zao zimebadilika zikawa viwanda vya kutoa hidrojeni. Na juu ya miili yao, wengine hata ndani kabisa ya miili yao, wanaishi arkea wadogo wanaoifyonza hidrojeni hiyo na kuigeuza methani, ile gesi ambayo ng'ombe anaitoa kwa mbweu. Arkea na uzao wa bakteria wa kale, wote ndani ya seli moja, wanapokezana hidrojeni, na hayo yanatokea ndani ya mnyama aliyelala anacheua.

Kuishi pamoja, hata hivyo, hakutoshi. Dunia imejaa bakteria wanaoishi ndani ya seli za wengine na hawajawa viungo vya seli. Kinachobadilisha mambo ni kuhama kwa jeni. Bakteria wa ndani anapokufa, DNA yake humwagika ndani ya mwenyeji, na vipande vingine hujichomeka kwenye DNA ya mwenyeji. Ikitokea kwamba jeni iliyohamia inafanya kazi huko, na protini yake inapata njia ya kurudishwa ndani kwa mgeni, basi nakala aliyobaki nayo mgeni haina haja tena na itapotea. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mitokondria ilifika mahali mgeni alipewa jembe na kunyang'anywa hati za shamba lake. Leo mitokondria ya binadamu inatumia protini zaidi ya elfu moja, na DNA yake yenyewe inatoa 13 tu. Nyingine zote zinaagizwa na kiini cha seli, zinatengenezwa nje, zinaingizwa kupitia milango maalumu kwenye tabaka zake mbili. Kwa maoni yangu milango hiyo ndiyo mpaka halisi. Kabla yake una viumbe wawili wanaosaidiana. Baada yake una kiumbe kimoja.

Vipi kuhusu kiini, ambacho ndicho ulichokiuliza? Hapa wataalamu hawajakubaliana, nami nitakupa hoja ninayoiona ina nguvu. Mgeni alileta pia wasumbufu, vipande vya DNA vinavyojichomeka ovyo katikati ya jeni. Vipande vya aina hiyo viko kwa bakteria hadi leo, na vinafanana kwa utendaji na introni, vipande visivyo na maagizo ya protini, zilizojaa kwenye jeni zetu. Jeni iliyochomekwa hivyo ikisomwa, lazima kipande kikatwe kwanza kabla protini haijatengenezwa, la sivyo protini inatoka mbovu. Kukata kunachukua muda, ribosomu nazo zina haraka. Kwa bakteria, ribosomu inadandia ujumbe wakati bado unaandikwa. Seli iliyojaa introni ingekuwa inatengeneza takataka. Mwaka 2006 William Martin na Eugene Koonin walipendekeza kwamba utando wa kiini ulifaa kwa sababu ulitenganisha kazi hizo mbili: ujumbe unakatwa na kusafishwa chumbani, ribosomu zinasubiri nje. Utando wenyewe huenda ulitokana na vifuko vidogo vilivyokuwa vikitolewa na bakteria wa ndani. Hilo pia lingesaidia kueleza kwa nini mafuta ya tando zetu ni ya aina ya bakteria, ingawa mwenyeji alikuwa arkea mwenye mafuta ya aina tofauti kabisa.

Wengine wanaamini kiini kilitangulia na mitokondria ikafuata. Zamani kulikuwa na ushahidi uliowapa nguvu: Giardia, yule unayemkuta kwenye choo cha watoto wanaoharisha, ana viini viwili na alionekana hana mitokondria kabisa. Katika miaka ya 1980 ilidhaniwa yeye na wenzake ni masalia ya seli zenye kiini za kabla ya mitokondria. Halafu mwaka 2003 vikapatikana ndani ya Giardia vifuko vidogo sana vyenye tabaka mbili za utando, mabaki ya mitokondria iliyopungua hadi karibu kuisha. Ndivyo ilivyokuwa kwa karibu kila kiumbe aliyedaiwa kutokuwa nayo. Mmoja tu, Monocercomonoides, alithibitishwa mwaka 2016 kutokuwa na hata masalio, na ndugu zake wanaonyesha kwamba mababu zake walikuwa nayo wakaipoteza. Kwa hiyo babu wa mwisho wa viumbe wote wenye kiini waliopo leo alikuwa na vyote viwili.

Wewe uko mahali pazuri kuliko wengi wa kuona alama za historia hii. Chukua vimelea vya malale. Mwishoni mwa 1902, wakati ugonjwa huo ulikuwa ukiwamaliza watu wa Busoga na visiwa vya Ziwa Victoria, Aldo Castellani aliviona Entebbe katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na mwaka uliofuata David Bruce na wenzake waliunganisha ugonjwa na mbung'o. Zaidi ya watu laki mbili walikufa kabla ya mlipuko ule kutulia. Ukipata slaidi ya kufundishia yenye tripanosoma, ndiye kimelea huyo wa malale, iliyopakwa rangi ya Giemsa, weka mafuta, tumia lenzi ya mara 100. Katikati ya mwili utaona doa kubwa la zambarau: hicho ni kiini. Sasa fuata mwili kuelekea mwisho usio na mkia huru. Utaona nukta ndogo nyeusi iliyokolea, kama ncha ya kalamu. Hiyo ni kinetoplasti, DNA ya mitokondria. Tripanosoma ana mitokondria moja tu, ndefu, na DNA yake ni maelfu ya viduara vilivyofungamana kama pete za mnyororo, ndiyo maana imekolea rangi kiasi cha kuonekana kwa hadubini ya kawaida. Ni nadra kupata mahali pengine ambapo mtu anaweza kuona, kwa kifaa cha kituo cha afya, DNA mbili ndani ya seli moja, kila moja na asili yake.

Kimelea cha malaria kimebeba zaidi ya hapo. Muungano wa kwanza ulipokamilika, baadhi ya seli zenye kiini zilimchukua mgeni wa pili, sianobakteria, yaani bakteria anayejitengenezea chakula kwa mwanga, jamaa wa wale wanaogeuza maji ya Ziwa Victoria kuwa ya kijani pale Ggaba. Huyo akawa kloroplasti ya mwani, na ya jani la mgomba. Baadaye sana seli nyingine yenye kiini ikammeza mwani mwekundu mzima mzima, na ukoo huo ndio uliozaa Plasmodium. Ndiyo maana ndani ya kila kimelea mna kiungo kiitwacho apikoplasti, kloroplasti iliyoacha usanisinuru, imezungukwa na tando nne, na ina duara lake dogo la DNA. Giemsa haiionyeshi, pale unaona pete ya buluu na doa jekundu la kiini basi. Lakini dawa ya doksisaiklini inaifikia. Inaziba ribosomu za apikoplasti, na jambo la kushangaza ni kwamba kimelea kinamaliza mzunguko wake kama kawaida, kisha kinakufa katika mzunguko unaofuata, kwa kuwa watoto wake wamerithi apikoplasti isiyofanya kazi. Ndiyo sababu doksisaiklini ni nzuri kwa kinga na ni ya polepole mno kutumika peke yake kwa mgonjwa. Na tusiseme mimea na vimelea havina undugu: mwaka 2008 huko Australia alielezwa Chromera, jamaa wa karibu wa ukoo wa Plasmodium, anayeishi na matumbawe na bado anajitengenezea chakula kwa jua.

Kuhusu tarehe nitakuwa mfupi. Dalili za uhai wa vijiumbe zinafika miaka bilioni 3.5 kwenye miamba ya Australia magharibi. Oksijeni ilianza kujaa hewani kama miaka bilioni 2.4 iliyopita, kazi ya sianobakteria. Visukuku vinavyokubalika na wengi kuwa vya seli zenye kiini vina umri wa miaka bilioni 1.6 na kitu. Maana yake ni kwamba kwa karibu nusu ya historia yake, uhai ulikuwa bakteria na arkea peke yao.

Sasa swali lako la mwisho: mbona bakteria hawageuki leo?

Wanageuka kila siku, na unawaandikia ripoti. Bakteria aliyekuwa akiuawa na ampisilini miaka iliyopita na leo hauawi ni bakteria aliyegeuka. Kosa lililomo ndani ya swali, na ni la walimu wetu zaidi kuliko lako, ni kudhani mageuko ni ngazi ambayo kila kiumbe anaipanda kuelekea kuwa kama sisi. Uteuzi wa asili unabakiza kinachozaa vizuri mahali kilipo. Kwa bakteria wa tumboni, mwili mdogo na DNA fupi inayonakiliwa haraka ni faida kubwa. Akiongeza mizigo, jirani yake aliye mwepesi anamzidi kwa wingi kabla ya saa sita mchana.

Lakini ulichokusudia, naamini, ni muungano: mbona haujirudii? Hapo ni lazima tutofautishe hatua. Kiumbe asiye na kiini kuingia ndani ya mwingine asiye na kiini ni nadra, ila si jambo lisilowezekana. Kidung'ata wa michungwa ana ndani ya seli zake bakteria aitwaye Tremblaya, na ndani ya Tremblaya wanaishi bakteria wengine. Bakteria ndani ya bakteria ndani ya mdudu, na watatu hao wanagawana kazi ya kutengeneza asidi amino. Kinachoonekana kutokea mara moja tu, au kuacha uzao mara moja tu, ni safari nzima, kutoka kuingia hadi kuwa seli moja yenye kiini. Na aliyefika wa kwanza alibadilisha mazingira kwa wote waliofuata. Leo muungano mchanga, dhaifu, unaogawanyika mara moja kwa wiki kadhaa, utakutana na amiba na siliati wenye njaa waliokwisha kukomaa kwa zaidi ya miaka bilioni moja na nusu.

Kwa upande wa seli zenye kiini kuchukua wageni wapya, jambo hilo linaendelea hata sasa. Mwaka 1966 amiba wa Kwang Jeon, mtafiti aliyekuwa Marekani, walivamiwa na bakteria. Wengi wakafa. Wachache walinusurika wakiwa na makumi ya maelfu ya bakteria ndani yao, naye badala ya kuwatupa akawatunza. Baada ya miaka michache alihamisha viini kutoka amiba mmoja hadi mwingine akagundua kwamba kiini cha amiba waliovamiwa hakikuweza tena kuendesha seli isiyo na bakteria wale. Ugonjwa ulikuwa umegeuka hitaji, ndani ya muda ambao mtu mmoja aliweza kuushuhudia.

Amiba mwingine, Paulinella, alichukua sianobakteria wake mwenyewe kama miaka milioni mia moja iliyopita, mbali kabisa na ukoo wa mimea, na leo anaishi kwa mwanga. Na mwaka 2024 kundi la Jonathan Zehr wa California, likishirikiana na Kyoko Hagino wa Japani aliyetumia zaidi ya miaka kumi kujifunza kumwotesha mwani husika, lilionyesha kwamba bakteria anayeishi ndani ya mwani wa baharini Braarudosphaera bigelowii na kuvuta naitrojeni ya hewani ameanza kupokea protini zinazotengenezwa kwa jeni za mwenyeji, na anagawanyika kwa zamu na viungo vingine vya seli. Ile milango niliyokueleza imekwisha kujengwa kwake. Kwa kipimo nilichokupa, huyo si mgeni tena, ni kiungo cha nne cha aina hii kujulikana, baada ya mitokondria, kloroplasti na kile cha Paulinella.